Kabla ya kununua rangi, pindua gari kwanza

Wewe uliye na Peugeot 504 ya babu nyuma ya nyumba, ile ambayo kuku wameigeuza kiota, hebu tuongee. Najua mpango wako. Umeshaweka picha yake mtandaoni, marafiki wamekuambia ni moto, na tayari unaulizia bei ya rangi. Nakuomba usiguse rangi kwanza. Lala chini, mulika sakafu ya gari kwa tochi ya simu, kisha uigonge kwa bisibisi. Bisibisi ikizama kama kisu kwenye mkate, shida yako si rangi.

Hapa kwetu Uthiru magari haya hayajaisha. Ukiacha Naivasha Road na kuingia vijia vya ndani, bado utapata pikapu ya Datsun 1200 chini ya mparachichi, au Beetle iliyofunikwa turubai tangu mwenyewe astaafu. Lakini yanaondoka upesi. Ploti ikianza kujengwa ghorofa, gari la mzee ndilo la kwanza kufukuzwa: mnunuzi wa vyuma vikuukuu anakuja na mzani, anahesabu kilo, basi. Na usidhani utaagiza lingine kutoka ng'ambo, kwa sababu magari ya mitumba yaliyozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingia nchini. 504 iliyo bomani kwenu ni ya aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Ukiiharibu, umeiharibu.

Na wengi wetu tunaiharibu tukidhani tunaitengeneza. Tunapaka fila juu ya kutu, tunapiga msasa, tunapulizia rangi nyekundu, tunaenda nayo harusini. Mvua mbili baadaye, kutu inachungulia tena, kwa sababu ilitoka chini na huko chini hakuna aliyefika.

Hakuna aliyefika kwa sababu kufika ni noma. Umewahi kumwona fundi akichomelea sakafu ya gari akiwa amelala chali? Chuma kilichoyeyuka kinamdondokea shingoni. Mkono unachoka baada ya dakika chache, mshono unatoka kama kinyesi cha mbuzi, na anasema "imeshika" ili tu atoke pale. Simlaumu. Wengine huliegemeza gari kwa ubavu juu ya matairi makuukuu na mawe. Mwaka jana, kwenye kiwanja kimoja karibu na kwetu, bodi iliyoegemezwa hivyo iliteleza mchana kweupe. Kijana aliyekuwa chini alitoka na ovaroli iliyochanika na kidole cha mguu kilichopondeka. Jiwe lilikuwa limelowa, ni hilo tu. Angeinama upande ule mwingine, leo tungekuwa tunachanga pesa za mazishi.

Kuna kifaa cha kumaliza mambo haya, na si cha ajabu. Umewaona kuku wanaozunguka kwenye mashine za mikahawa ya mjini? Wazungu walichukua jina la mashine ile ile wakalipa stendi ya kuzungushia bodi ya gari. Ni nguzo mbili za chuma, moja mbele na nyingine nyuma, kila moja ikiwa na mkono unaofungwa kwa bolti pale bampa lilipokuwa limeshikiliwa. Katikati pana bomba linalozunguka ndani ya bomba jingine, na pini nene ya kulifunga lisisogee. Ukitaka sakafu, unaligeuza gari hadi sakafu iwe mbele ya kifua chako. Unachomelea ukiwa umesimama, chuma kikitulia pale ulipokiweka. Tope la miaka 40 linamwagika lenyewe. Hata praima inaingia kwenye viungo ambavyo brashi haijawahi kuviona.

Vyuma vyenyewe ni vile vya mraba vinavyotengeneza mageti yetu, ila vya unene mkubwa zaidi. Fundi yeyote mzuri wa mageti pale Kangemi anaweza kuiunda, mradi ajue kwamba geti halibebi gari wala halipinduki na mtu akiwa kando yake.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea. Kabla ya kuinua chochote, toa injini, giaboksi, milango, vioo na viti. Toa tangi la mafuta kabisa na ulipeleke mbali. Lililo tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Halafu kumbuka kwamba 504 haina chesisi ya pekee kama Land Rover za zamani. Sakafu, vizingiti vya chini ya milango na nguzo za paa ndiyo mifupa yake. Ukikata kizingiti kilichooza bila kuishikilia mifupa hiyo, bodi itajikunja katikati na milango haitafunga tena. Kwa hivyo chomelea vyuma vya kushikilia kwenye nafasi za milango, pima kona kwa kona, andika vipimo ukutani kwa chaki, ndipo ukate. Kata upande mmoja, uumalize, kisha uende wa pili.

Baada ya hapo, tafuta mizani. Mkono wa stendi lazima upande na kushuka ili mhimili ukutane na kitovu cha uzito wa gari. Ligeuze kidogo, watu wawili wakishika. Likivuta kurudi kama lilivyokuwa, mhimili uko juu mno. Likitaka kujitupa paa chini, mhimili uko chini mno, na hapo ndipo panapovunja mikono. Likitulia popote unapoliacha, umepata. Hata hivyo, funga pini kila mara. Kila mara, ndugu yangu, hata kama unaenda tu kuchukua chai.

Najua utaniambia, "Hiyo ni ya mabwenyenye wa Karen, wanaojiandaa kwa mashindano ya magari pale Ngong Racecourse. Mimi nitatoa wapi doo?" Swali zuri. Mimi pia sikuungi mkono ukinunua vyuma peke yako kwa gari moja, halafu stendi ibaki uani ikining'inizwa nguo. Stendi hutumika miezi michache tu kisha haina kazi. Ndiyo maana nasema iwe ya chama. Tuna vyama vya sufuria na vyama vya mahema. Vijana watano wenye magari watano wanashindwaje kuchangia nguzo mbili? Mikono ya kufungia ndiyo ibadilishwe kulingana na gari. Na pale barabarani tuna Kabete National Polytechnic, inayofundisha vijana kazi za mikono. Mwanafunzi anayetafuta kitu cha kuunda kwa mradi wake wa mwisho ana kazi hapa, na wateja wako mlangoni.

Nafasi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kuliko pesa. 504 ina urefu wa karibu mita 4.5, na ukiongeza nguzo na njia ya kupita, unahitaji kiwanja ambacho mwenye nyumba wa kupanga hatakupa. Kama unaishi kwenye fleti, usijaribu. Tafuta boma la shangazi.

Pia si kila gari linahitaji kupinduliwa. Bodi ya Beetle hufunguliwa kwa bolti kutoka kwenye sakafu yake, ikainuliwa na wanaume wachache, na sakafu ikageuzwa kama meza. Na kama tundu lako lina ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, jeki na vigingi imara vinatosha.

Binamu yangu aliahirisha rangi. Pikapu yake imekuwa paa chini tangu Machi, na majirani bado wanasimama getini kuuliza ilipata ajali gani. Kizingiti cha kushoto kimekwisha. Kile cha kulia tunakianza Jumamosi, na stendi ina watu wawili wanaoingoja.