Maharage ya Lushoto na biashara ya kupunguza unene

Mkulima wa Lushoto anayeteremsha gunia la maharage hadi Mombo huenda hajui kwamba huko Ulaya na Marekani mbegu hiyo hukamuliwa dawa. Unga wake husafishwa, hutiwa kwenye vidonge na kuuzwa kwa watu wanaotaka kupungua. Je, na sisi tuna soko hapo? Kwa maoni yangu, hatuna.

Kinachotafutwa ni protini iliyomo kwenye maharage, hasa meupe, ambayo huzuia kimeng'enya kinachovunja wanga tumboni. Wauzaji hudai kuwa wanga usipovunjwa hupita tu, na mlaji hanenepi. Mwaka 1982 vidonge hivyo vilivuma sana Marekani. Mwaka huohuo madaktari wa Dallas, Texas, waliwapa watu mlo wenye gramu 100 za wanga, safari moja pamoja na vidonge na safari nyingine bila vidonge, kisha wakapima choo. Hawakuona tofauti. Serikali ya huko nayo iliamuru viondolewe madukani. Baadaye vilirudi vikiwa vimeboreshwa, lakini hata majaribio yaliyovitetea yameonyesha kupungua kidogo tu.

Kiwanda cha kusafisha kiini hicho hatuna. Hofu yangu ni mjanja atakayesaga maharage yasiyopikwa na kuyafunga kwenye pakiti kama dawa ya kitambi. Maharage hayo, hasa mekundu, yana lektini, sumu inayoshambulia ukuta wa utumbo. Punje nne au tano zinatosha kumtapisha na kumharisha mtu mzima ndani ya saa chache. Atapungua, ndiyo, lakini kwa kuugua.

Wafugaji nao wanaguswa. Chenga na punje zilizovunjika wakati wa kupeta huishia kwa kuku, tena bila kupikwa. Kuku akizila kwa wingi hamu yake ya chakula hupungua na hakui vizuri, kwa sababu ya lektini hiyo na vizuizi vingine vinavyomnyima protini aliyokula. Mfugaji hulaumu pumba au mbegu ya kuku, kumbe hasara ipo kwenye chenga. Zichemshwe mpaka ziive ndipo zichanganywe na pumba.

Hapa milimani kuna jambo jingine. Lushoto mjini, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kwa hiyo maharage yanataka muda mrefu zaidi jikoni kuliko Tanga, na kuni ni ghali. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga yale maji hupunguza muda huo. Kuyapasha polepole kwenye moto hafifu bila kuyachemsha hakuiondoi sumu.

Yakiiva vizuri, maharage hushibisha kwa muda mrefu na hayapandishi sukari mwilini kwa haraka, ndiyo maana wenye kisukari hushauriwa kuyala. Soko ninaloliona mimi ni hilo la mijini: maharage ya aina moja, kwa mfano Lyamungu 90, yaliyopepetwa, yasiyotobolewa na wadudu, yaliyofungwa kwa kilo na si kwa lumbesa. Anayetaka kuuza unga wake kama chakula aanzie Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula Tanzania Bara.