Chora kwanza, fomula baadaye

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana. Leo nina jambo la kubishana nanyi.

Kuna shule moja niliyoiandikia programu ya kusahihisha mitihani ya kuchagua jibu. Nilitumia modeli ya lojistiki niliyoisoma chuoni, yenye parameta mbili kwa kila swali: ugumu wake, na jinsi linavyowatenganisha wanaojua na wasiojua. Swali moja lilitoka na parameta ya pili ndogo sana. Nikaliandika "swali dhaifu", nikaendelea na shughuli zangu.

Swali lenyewe: kilobaiti moja ni baiti ngapi? Jibu la mwalimu: 1024.

Baadaye nikajaribu njia isiyolazimisha fomula, aliyoieleza James Ramsay wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 1991. Unawapanga wanafunzi kwa alama zao za jumla. Kisha katika kila ngazi unatafuta wastani wa waliochagua kila jibu, ukiwapa uzito zaidi walio karibu na ngazi hiyo. Unachora mstari wa kila jibu. Basi! Data yenyewe ndiyo inayoamua umbo la mstari.

Mstari wa 1024 ulipanda vizuri hadi katikati, halafu ukaanguka. Uliopanda kule juu ni wa 1000. Wanafunzi bora walijua kwamba mwaka 1998 IEC ilitenga jina kibibaiti kwa baiti 1024, na kilobaiti ikabaki 1000. Tuliwanyima alama kwa kujua zaidi ya mtihani!

Modeli yangu haingeweza kuliona hilo. Mstari wa lojistiki hupanda tu au hushuka tu. Haupandi kisha ukashuka.

Sisemi tuitupe lojistiki. Wanafunzi wakiwa wachache, mistari ya Ramsay huyumba ovyo, na ukitaka kulinganisha mitihani miwili tofauti, zile parameta zinasaidia. Lakini fundi cherehani humpima mteja kabla ya kukata kitambaa. Sisi waandishi wa programu tunakata kwanza. Ukijua kukokotoa wastani wenye uzito, kodi ya kuchora mistari hii utaimaliza jioni moja.

Mwalimu alikubali kurekebisha alama. Lakini ripoti za muhula zilikuwa zimeshafika kwa wazazi.

Nyinyi mwaonaje? Niandikieni.