Nguo ya Vita Iliyofumwa Nyumbani

Wako watu duniani wanaokusanya nguo za askari wa zamani. Mmoja hutafuta kofia, mwingine koti, mwingine mkanda. Wanazozithamini kupita zote ni zile zilizofanywa kwa kujaribu tu, kwa muda mfupi, kisha zikaachwa. Maana hizo ni chache mno. Basi mjue kwamba nguo ya namna hiyo ilifanywa katika nchi yetu hii.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilizuia pwani yetu, nchi ikiwa bado mikononi mwa Wadachi. Meli mbili tu za kuwaletea vitu zilipenya, moja mwaka 1915 na nyingine 1916. Nguo za askari zikachakaa, wala hapakuwa na mahali pa kununua mpya. Ikawa lazima kutumia pamba ya hapa hapa. Wanawake walisokota nyuzi kwa mkono, mafundi wakaunda vitanda vya mfumi, nguo ikafumwa. Ngozi za viatu zilitengenezwa kwa dawa ya mikoko ya pwani.

Likabaki jambo la rangi. Nguo nyeupe porini ni mauti, kwani adui huiona toka mbali. Wakajaribu, na rangi iliyoshinda ni ile ya mti uitwao ndaa. Ilitoa kaki ya kimanjano isiyoonekana upesi majanini wala vichakani. Jemadari wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliisifu katika kitabu chake. Lakini majina ya akina mama waliosokota hakuyaandika.

Sisi wa njia ya Kolo habari hii yatuhusu. Aprili 1916 wapanda farasi wa Jenerali van Deventer, kutoka Afrika Kusini, walishuka toka Arusha wakaitwaa Kondoa. Usiku wa Mei 9 Lettow-Vorbeck aliwashambulia, asiweze kuwatoa. Katika vita ile yote askari wetu walikufa kwa risasi, na wapagazi, ambao ni wengi zaidi, kwa njaa na maradhi.

Kwa hiyo, akina baba na akina mama, chungulieni masanduku ya wazee. Mkikuta koti kuukuu, mkanda au kifungo, msikate matambara. Msifue kwa sabuni. Kung'uteni polepole, funikeni kwa kitambaa safi, wekeni mbali na jua, moshi, unyevu na nondo. Kisha andikeni katika karatasi: kilikuwa cha nani, alitumikia wapi, nani alikipokea. Mnunuzi mwenye haraka asiondoke nacho siku hiyo. Ulizeni kwanza watu wa makumbusho.

Tena tusichanganye mambo: sare za jeshi la leo raia havai, sheria yakataza.

Nguo isiyo na jina ni tambara. Yenye jina la babu ni ushahidi kwa wajukuu.