JIKONI MWETU: Soseji na Chumvi Yake

Msomaji wetu mmoja wa Itigi, ambako wamisionari kutoka Italia walijenga Hospitali ya Mtakatifu Gaspari, ametuuliza: ile soseji ndefu ya nguruwe iliyojiviringa, ambayo Waitalia huiita luganega, jina lake lina maana gani? Na je, anaweza kuitengeneza mwenyewe?

Jina hilo ni la mahali. Kusini mwa Italia waliishi watu wa Lucania. Varro, mwandishi wa Roma wa miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, aliandika kwamba askari walijifunza soseji hiyo kwa watu hao, ndiyo maana ikaitwa lucanica. Wagiriki wangali wanasema loukaniko, na Wahispania longaniza. Neno letu "soseji" tulilipata kwa Waingereza, lakini shina lake ni la Kilatini: kitu kilichotiwa chumvi. Friji hazikuwapo, chumvi ndiyo iliyotunza nyama.

Kuitengeneza si kazi ngumu. Saga nyama pamoja na mafuta yake, tia chumvi na pilipili manga, kisha jaza ndani ya utumbo uliooshwa vizuri sana.

Ila dada, chumvi yako ya jikoni usiitegemee kuua tegu. Kagua nyama kabla ya kusaga. Ukiona vifuko vyeupe kama punje za mtama, iache, maana ikishasagwa hutaviona tena. Nunua yenye mhuri wa mkaguzi, hata kama ya jirani ni rahisi.

Tunasisitiza kwa sababu madaktari wa Haydom, jirani zetu wa Mbulu, wamewakuta wagonjwa wa kifafa wenye vifuko hivyo ubongoni. Anayekula nyama isiyoiva hupata tegu tumboni; mayai ya tegu hutoka na choo, na mikono isiyonawiwa huyafikisha kwenye chakula cha nyumba nzima. Hata mtoto asiyeonja nguruwe huweza kuugua. Wangapi vijijini mwetu wamedhaniwa wamerogwa! Mwenye kifafa apelekwe hospitali.

Kwa hiyo chemsha soseji zako taratibu kwa dakika ishirini hivi, ndipo uzikaange. Kata moja katikati: ikiwa bado ni nyekundu ndani, zirudishe zote motoni, wageni wasubiri.