Shokapu ikivuja, faida ya mfanyabiashara nayo inavuja

Si ajabu kuona pikipiki ikishuka na magunia kutoka Bugoye kwenda Kasese, au ikifikisha mzigo Bwera, huku mstari mweusi wa mafuta na vumbi ukiteremka kwenye shokapu ya mbele. Mwendesha boda huupangusa kwa kitambaa na kuendelea na safari. Mwenye mzigo naye haulizi, kwa kuwa pikipiki si yake. Wote wawili wanakosea. Sili iliyochoka inamhusu mwenye mzigo sawa na inavyomhusu mwenye pikipiki.

Ndani ya kila mguu wa shokapu mna springi na mafuta. Springi hubeba uzito, mafuta hutuliza mrusho wake. Sili ni pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoke pale bomba linapopanda na kushuka. Mafuta yakipungua, gurudumu hudunda badala ya kushika ardhi, na breki ikikanyagwa au kuminywa kwenye mteremko pikipiki huinama mbele ghafla. Mafuta yakifika kwenye breki yenyewe, hasa ya diski, breki hukosa kushika. Aliyewahi kupakia nyanya au trei za mayai anajua hasara hiyo huishia kwa nani.

Dawa yake si ghali, ila inataka subira. Mara nyingine sili haijachanika. Mchanga tu umenasa chini ya ukingo wake. Fundi mwangalifu huinua kwanza kifuniko cha vumbi, hupitisha kipande chembamba cha plastiki kuzunguka bomba, hutoa uchafu, kisha huitazama pikipiki kwa siku moja au mbili. Ikiendelea kuvuja, sili zibadilishwe pande zote mbili, na mafuta mapya ya shokapu yapimwe sawa kila upande. Mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye injini hayafai kazi hiyo. Tena, kabla ya kuweka sili mpya, fundi apitishe ukucha kwenye bomba. Akikuta kutu au mikwaruzo iliyochimba, bomba lishughulikiwe au libadilishwe, la sivyo sili mpya itakatika kama ya kwanza.

Wapo watakaosema kosa ni la barabara, na kwamba lami italimaliza. Kweli, Juni 2021 Marais Yoweri Museveni na Félix Tshisekedi walizindua ujenzi wa barabara upande wa Kongo, ikiwemo ya kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni. Hilo ni jambo jema. Lakini kahawa haioti kando ya lami. Inateremka kwanza njia za vumbi na matope za Rwenzori, na huko ndiko sili zinakofia.

Shida kubwa zaidi iko dukani. Sili nyingi huuzwa zikiwa zimetolewa kwenye pakiti, na mnunuzi huambiwa tu kwamba "inaingia". Sili iliyotengenezwa vizuri huwa na vipimo vitatu vilivyochapwa juu yake kwa milimita: upana wa ndani, upana wa nje na unene. Isiyo na vipimo hivyo usiichukue kwa kukisia.

Hapa Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kazi. Kongo ilijiunga mwaka 2022. Cheti rahisi cha uasili kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 kimekusudiwa kumrahisishia mfanyabiashara mdogo, lakini kinahusu bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya, na spea za pikipiki kwa sehemu kubwa zinatoka India na China. Kwa bidhaa za namna hii, kinachomlinda mnunuzi ni viwango. Jumuiya ina sheria ya viwango tangu mwaka 2006. Uganda ina UNBS, Kongo ina OCC. Taasisi hizi mbili zikubaliane juu ya ukaguzi wa spea katika Mpondwe na Kasindi, ili mzigo uliokataliwa upande mmoja usiuzwe upande wa pili. Wauzaji wa spea wasiuogope ukaguzi huo. Mwenye bidhaa nzuri ndiye anayeumizwa na bei ya bidhaa mbovu.

Wakati tukisubiri hayo, vyama vya wafanyabiashara na stendi za boda vinaweza kuanza leo. Kabla ya kupakia, mwenye mzigo ainame atazame shokapu zote mbili. Akiona mafuta mabichi, mzigo usipande. Mwendesha boda akikosa safari moja kwa sababu hiyo, ataitafuta gereji kabla ya safari ya pili.