Sumu ya Chungu Isiingie Chunguni

Mwaka huu nina neno moja tu la kuwaambia, nalo lamhusu mdudu mdogo aitwaye chungu. Najua wengine mtacheka: "Huyu naye amekosa la kuandika?" Chekeni tu, lakini msome hadi mwisho.

Likizo ya Agosti niliporudi nyumbani nilikuta tuta la kunde la mama limejaa chungu weusi. Walikuwa wakipanda na kushuka mashina kama watu siku ya soko, na majani machanga yalikuwa yamejikunja. Mama akasema hao ndio wezi. Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, akatuletea "dawa" ndani ya chupa ya soda. Chupa yenyewe haikuwa na jina wala maelezo. Kumbe ilikuwa ile ya kunyunyizia ng'ombe wenye kupe! Tukaimwaga jioni ile ile. Asubuhi kuku wawili walikuwa wamelala miguu juu, na ndugu yangu mdogo tulimkuta ameikumbatia ile chupa, anahangaika kufungua kifuniko. Mama alimpokonya huku anatetemeka. Kunde zote zikang'olewa na kufukiwa, mboga yetu ikaishia hapo. Na wale chungu je? Wiki haikwisha kabla hawajahamia kwenye managu.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana, na naona tulifanya makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la lugha, na hili latuhusu sisi wa Chama cha Kiswahili. Dawa huponya, sumu huua. Lakini sisi twasema dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa ya wadudu. Mtoto aliyezoea kupewa dawa akiwa na homa atajuaje kwamba hii nyingine ni kifo? Hata wakubwa neno hili latudanganya, tukadhani kuwa ukizidisha kipimo ndipo itakapofanya kazi vizuri. Tazameni historia ya DDT. Mwaka 1948 Paul Müller wa Uswisi alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi inavyoua wadudu. Dunia nzima ikaishangilia. Baadaye ikaonekana kwamba hukaa udongoni miaka mingi na kujikusanya katika miili ya samaki, ndege na binadamu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ukaiwekea mipaka, isitumike ila kwa kupambana na wadudu waenezao magonjwa kama malaria. Basi iliyosifiwa jana kuwa dawa, leo yaitwa sumu. Kwa nini tusiiite hivyo tangu mwanzo?

Kosa la pili ni kwamba tuliwahukumu chungu bila kusikiliza kesi yao. Chungu wale hawakuwa wakila kunde. Ningaligeuza jani moja tu ningaliwaona wenye hatia: vidukari, vile vidudu vidogo vyeusi vinavyojibana chini ya majani na kwenye vikonyo. Vidukari hufyonza utomvu wa mmea kisha hutoa maji matamu, na chungu huyafuata maji hayo kama mtoto afuatavyo mua. Tena huwalinda, kwani wadudu wanaokula vidukari, kama yule mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi mgongoni, hufukuzwa na chungu. Kwa hiyo kuwaua chungu na kuwaacha vidukari ni kumpiga mchungaji ukamwacha ng'ombe shambani.

Sasa tufanyeje? Si lazima uwe na pesa. Asubuhi mapema, geuza majani na uwaoshe vidukari kwa maji yenye nguvu kidogo, au uwapondeponde kwa vidole. Wakizidi, changanya kijiko kimoja kidogo cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita moja ya maji, unyunyize chini ya majani wakati wa jioni. Jaribu kwanza kwenye majani machache, kwa sababu sabuni kali huunguza mmea. Rudia baada ya siku chache, maana sabuni huua kile ilichokigusa tu, kisha osha mboga vizuri kabla ya kupika. Kikonyo kilichojaa kabisa, kikate ukakitupe mbali na bustani. Chungu wakikosa yale maji matamu, watakwenda kutafuta kwingine wenyewe. Kama wamejenga kichuguu chao katikati ya tuta, kichimbue na kukimwagia maji tele mara kwa mara mpaka wahame. Jivu kavu kuzunguka shina pia huwazuia, ingawa mvua ikinyesha huna budi kuweka jingine.

Najua kuna atakayesema, "Wee, sisi hatuna wakati wa kugeuza jani moja moja!" Rafiki yangu mmoja aliniambia hivyo hivyo. Nami namjibu: bustani ya nyumbani si shamba la ekari kumi. Dakika chache za asubuhi zatosha. Na ikiwa ni lazima sumu itumike, basi inunuliwe katika chombo chake kilichofungwa, iwe imeandikwa jina la mboga hiyo, na siku za kungoja kabla ya kuchuma zihesabiwe. Kunde na managu twachuma kila mara, jani hili leo na lile kesho, na ni wachache wanaokumbuka kuhesabu. Kamwe isimiminwe kwenye chupa ya soda.

Tena, tusisahau kwamba chungu wana faida. Sungusungu, wale chungu weusi wakubwa, huwawinda mchwa. Huko Pwani, maji moto wanaoshona majani kuwa viota huilinda minazi dhidi ya wadudu wanaoharibu nazi changa. Wachina nao waliandika juu ya chungu wa jamii hiyo kuwekwa katika michungwa ili kuilinda, tangu yapata mwaka 304. Hata yule sisimizi unayemkanyaga hupitisha hewa na maji udongoni anapochimba vijia vyake.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, lakini hawakusema dawa ya mdudu ni sumu. Ombi langu ni dogo. Mkifunga shule, kila mmoja aende nyumbani akatafute chupa zisizo na jina, awaambie wazazi kwa heshima, ziwekwe mahali pa kufungwa kwa kufuli. Kisha akageuze jani. Mama yangu sasa hugeuza. Amepanda kunde nyingine, na ndugu yangu ndiye mkaguzi mkuu wa vidukari.

Basi chungu wa bustanini asitufanye tutie uchungu katika chungu cha jikoni. Majuto ni mjukuu, na sisi alikuwa nusura atufikie mapema.