Mkigombana Mbele ya Mtoto, Patanani Mbele Yake

Ndugu zangu wa Kongowea hapa Mombasa, wa Maweni na Kisumu Ndogo, na nyinyi majirani zetu wa Mishomoroni na Bombolulu: wito huu ni wa wazazi wote, wanaoishi pamoja na walioachana. Simwambii mtu asigombane na mwenzake. Mume na mke wanaolala chumba kimoja, wakalipa kodi na karo kutoka mfuko mmoja, watagombana tu. Ombi langu ni moja: mkigombana mbele ya mtoto, patanani mbele yake.

Tumezoea kuambiwa tusizozane mbele ya watoto. Ni nasaha njema kwa mwenye sebule, chumba cha kulala na mlango wa kufunga. Lakini nyumba zetu tunazijua. Ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na familia yake, choo na bafu uani. Kuta nyingi hazifiki kwenye paa, na neno kali likitamkwa chumba cha kwanza linasikika hadi cha mwisho. Mtoto aliyelala mkekani yuko hatua mbili kutoka kitanda cha wazazi. Pazia haliwezi kuzuia sauti. Basi tuseme kweli: mtoto wa Kongowea ameshasikia. Swali lililobaki ni kama atasikia pia jinsi mambo yalivyokwisha.

Na tunajua ugomvi unatoka wapi. Malori ya viazi na vitunguu huingia sokoni usiku, na mama anayeuza mboga rejareja huondoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri ili apate bei ya jumla. Mumewe huenda ni mchukuzi hapo hapo sokoni, au dereva wa tuktuk, au askari wa usiku kule Nyali anayerudi asubuhi mkewe akiwa ameshaondoka. Hukutana saa moja au mbili kwa siku, wote wawili wakiwa hoi. Mvua ikinyesha, wateja wakaadimika, nyanya zikaoza kwenye kreti, hasara hiyo huingia nyumbani jioni pamoja na mama. Akikuta pesa ya unga imeishia kwenye muguka au kwenye kamari ya simu, hapo hapo moto unawaka. Sitetei matusi. Nasema tu kwamba wazazi wengi wanaopaza sauti si watu wabaya. Wamechoka, na saa pekee waliyo nayo ya kuzungumza ni ile ambayo mtoto yupo.

Wengine hujifariji kwamba mtoto mdogo haelewi, au kwamba amelala. Katika utafiti uliochapishwa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani walipima ubongo wa watoto wachanga 20, wa umri wa miezi 6 hadi 12, wakiwa usingizini huku wakisikilizishwa sauti za watu wazima. Sauti ya hasira iliamsha sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na msongo. Na kwa watoto ambao nyumbani kwao wazazi waligombana sana, mwitikio huo ulikuwa mkubwa zaidi. Mtoto amelala fofofo, na bado ubongo wake unapokea habari.

Hofu ya mara moja moja hupita. Moyo wa mtoto huenda mbio, kisha hutulia akibebwa na kubembelezwa. Hofu ya kila usiku ni jambo jingine. Mwili hukaa macho, usingizi hukatika, na asubuhi mwalimu anamwona mtoto anayesinzia darasani, anayelalamika tumbo bila ugonjwa kuonekana, au anayewapiga wenzake uwanjani kwa sababu ndogo. Tunamwita mtundu. Huenda amebeba tu ya nyumbani.

Kuna nyumba nyingine ambazo hazina kelele kabisa. Mume na mke wamenuniana tangu Jumatatu. Mama anapakua wali, anamwita mtoto wa miaka saba: "Mwambie babako chakula tayari." Mtoto anatoka hadi barazani, anasema. Baba, bila kuinua macho kwenye simu: "Mwambie mamako nimeshakula." Mtoto anarudi, anasimama mlangoni, anatafuta namna ya kulisema neno lile lisimuumize mama. Umri wake ni wa kucheza bano na kombolela, nasi tumempa kazi ya mshenga. Mark Cummings, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeuchunguza ugomvi wa wazazi kwa miongo mingi, aligundua kwamba kununiana huku huwasumbua watoto karibu sawa na kelele. Mtoto hahitaji kusikia neno ili ajue kuna vita.

Cummings huyo huyo alileta habari njema, na ndiyo msingi wa wito huu. Watoto walioona ugomvi ukamalizika kwa mapatano, dhiki yao ilishuka sana. Hata wazazi walipokwenda kupatana faraghani, kisha wakamweleza mtoto kwamba yamekwisha, alipata nafuu. Kinachomuumiza zaidi ni ugomvi usio na mwisho. Huachiwa aumalizie kichwani mwake, na mwisho anaoutunga mtoto mara nyingi ni kwamba kosa ni lake.

Tusidhani haya ni ya Wazungu tu. Ushahidi mmoja mkubwa kuhusu mtoto na mlezi wake ulipatikana hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Kati ya 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama akina mama na watoto wao wachanga, kisha 1967 akatoa kitabu juu ya aliyoyaona. Aliona kwamba mtoto aliyemwamini mamake ndiye aliyethubutu kutambaa mbali, akashika hiki na kile, kisha akarudi kwa mamake na kwenda tena. Usalama wa moyo ndio humpa mtoto ujasiri wa kujifunza. Ukimnunulia vitabu vyote na roho yake ikashinda inalinda nyumba isivunjike, hatasoma.

Basi kupatana mbele ya mtoto kunafanywaje? Hakuhitaji hotuba wala zawadi. Asubuhi, mtoto akinywa chai, baba aseme: "Jana nilipaza sauti. Nimemwomba mamako radhi, na tumeelewana. Si kosa lako." Mama naye aseme lake. Msimweleze siri za chumbani wala hesabu za madeni, na msimwite awe hakimu wa kusema nani alikosa. Wala msiigize: mtoto anayeambiwa "hatujambo" huku nyuso zimekunjwa hujifunza kwamba maneno ya wazazi hayaaminiki. Kama hamjapatana, mwambieni ukweli wa kiasi chake: "Bado tunazungumza. Tunakupenda wote wawili."

Hapa niweke mpaka, nisije nikafahamika vibaya. Haya ni ya ugomvi wa maneno. Kipigo ni kosa la jinai, na anayepigwa haombwi kupatana na mtu mbele ya mtoto. Kwanza anatafutiwa usalama. Uchunguzi wa afya nchini Kenya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Tangu 2015 tuna sheria maalumu inayomlinda mtu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na mahakama inaweza kumzuia mpigaji asimkaribie. Simu ya 1195 ni ya waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Zote mbili hazilipishwi. Ziandikeni mahali mtoto anaweza kuziona.

Sasa niseme na akina baba. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema kwamba mama na baba wana jukumu sawa la kumlea na kumlinda mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Kuleta unga ni sehemu tu ya jukumu hilo. Lakini tukiri pia kwamba sisi jamii hatuwaandai. Pwani yetu tangu zamani ilimfunda bi harusi: ana somo wake, ana kungwi wake, na mshairi Mwana Kupona alimwandikia bintiye utenzi mzima wa mawaidha mnamo 1858. Bwana harusi huvishwa kanzu na joho, hupongezwa, kisha huachwa ajifunze mwenyewe. Nchini Rwanda walijaribu njia nyingine. Mpango wa Bandebereho uliwakutanisha akina baba vijana, wake zao wakihudhuria baadhi ya vikao, wakazungumza kuhusu ulezi, pesa na kutatua ugomvi. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba kipigo kwa wake na kwa watoto kilipungua, na wanaume walishiriki zaidi kazi za nyumbani na za malezi. Maimamu na wachungaji wetu, kabla hamjafungisha ndoa nyingine, mketisheni bwana harusi. Mfundisheni namna ya kukasirika na namna ya kuomba radhi.

Nanyi mlioachana, ndoa imekwisha ila ulezi haujakwisha. Mkielewana wenyewe, vyema. Msipoelewana, Kadhi yupo kwa ndoa ya Kiislamu, na mahakama ya watoto iko Tononoka. Msimtume mtoto kudai pesa za matumizi. Zitumeni moja kwa moja kwa simu ya mzazi mwenzenu. Msimhoji akirudi kutoka upande wa pili: nani alikuwepo, walikula nini. Na usimtukane babake au mamake mbele yake. Mtoto anajua ametoka kwa wote wawili, na tusi hilo huliona ni lake pia.

Mwisho, majirani. Zamani jirani akisikia sauti zimepanda alibisha hodi kuomba chumvi au kiberiti, na chumvi anayo kwake. Alikuja kuukata ugomvi bila kumwaibisha mtu. Siku hizi tunaongeza sauti ya runinga. Mjini Kampala, mradi wa SASA! uliwatumia watu wa kawaida wa mtaani, si wataalamu, kuzungumza na majirani zao kuhusu nguvu na heshima ndani ya nyumba. Utafiti uliotolewa 2014 ulionyesha kwamba wanawake walioripoti kupigwa na wenzi wao mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko katika mitaa ambayo mradi haukufika. Sisi tuna wazee wa mtaa, tuna vyama vya akina mama sokoni, tuna walimu wa chuo na wa shule. Kila chama kitenge mkutano mmoja tu wa kuzungumzia hili baada ya kuhesabu michango. Maskani zinazokaa kubishana mpira hadi usiku, zimtengee nafasi kijana aliyepata mtoto juzi na hajui aanzie wapi.

Ndugu zangu, hatuna uwezo wa kumjengea kila mtoto chumba chake, wala hatutaweza kuishi bila kukasirishana. Kuomba radhi tunaweza, na hakuna gharama. Kama jana usiku mligombana na mtoto alikuwepo, msilale leo kabla hajasikia kutoka kwenu wenyewe kwamba yamekwisha.